"Rolabodi": Maelezo ya Jina la Begi la Matairi

Makala haya nimeyaandika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba Mwalimu wetu wa Kiingereza aliniagiza kuyaandika. Ya pili ni kwamba nina deni kwa mwenzetu mmoja, na deni lililofanywa mbele ya watu hulipwa mbele ya watu.

Mwanzoni mwa muhula huu, jioni ya Jumapili wageni wa Kidato cha Kwanza walipokuwa wakiingia shuleni, alikuja mmoja ambaye hakujitwika tranka la bati kichwani kama wenziwe. Yeye alikuwa akiburuta begi jeusi lenye matairi mawili madogo na mkono wa chuma. Njia yetu ya kutoka langoni hadi mabwenini ni ya changarawe, kama mnavyoijua, basi kishindo cha matairi yale kilisikika hadi jikoni. Tairi moja lilikuwa limelika upande, na begi lilikwenda likichechemea kama mbuzi aliyechomwa na mwiba.

Mimi nilikuwa na zamu ya lango siku hiyo pamoja na viranja wenzangu. Nikamwuliza kwa kumtania, "Bwana mdogo, hicho unachovuta ni nini?" Akasimama, akanijibu kwa adabu, "Shikamoo, kaka. Hii ni rolabodi."

Nilicheka hata nikasahau kumwitikia marahaba. Kwangu mimi "rola" ni ile mashine nzito ya kushindilia barabara, na "bodi" ni umbo la nje la motokaa, au ni ile Bodi ya Shule ambayo wajumbe wake hula chakula cha mchana pamoja na Mkuu wa Shule. Kabla ya chakula cha jioni bweni zima lilikwisha kumpa jina la "Mwenyekiti wa Bodi", na aliyelitunga jina hilo ni mimi.

Jambo lingeishia hapo lingekuwa utani tu. Lakini wiki ya pili, katika mkutano wa Chama cha Kiingereza ambacho mimi ni katibu wake, wageni walitakiwa kusimama mmoja mmoja na kueleza kwa Kiingereza kitu walichokuja nacho kutoka nyumbani. Zamu yake ilipofika alianza vizuri, akataja "my rollerboard", na papo hapo mimi nikasema kwa sauti kubwa kutoka mezani pa katibu kwamba hakuna neno kama hilo katika Kiingereza. Watu walicheka sana. Yeye aliketi, na mikutano mitatu iliyofuata hakufungua kinywa chake hata mara moja.

Mwalimu aliniita baadaye. "Katibu," aliniuliza, "neno lile umelitafuta?"

"La, Mwalimu, sikulitafuta."

"Basi umejuaje kwamba halipo?"

Sikuwa na jibu. Ndipo akaniagiza nilitafute, na nitakayoyaona niyaandike katika gazeti hili. Na hayo ndiyo niliyoyaona.

Nilianza kwa mwenyewe. Nilimfuata bwenini, nikamkuta anafua. Alisimama kwa hofu, akidhani nimekuja kumpa adhabu. Nikamwambia, "Kaa, ndugu yangu. Nimekuja kuuliza." Akanieleza kwamba mjomba wake hupakia mizigo katika kiwanja cha ndege cha Dar es Salaam. Mizigo ya abiria iko ya namna mbili. Ile mikubwa hupimwa, hufungwa kijikaratasi cha namba, na huingizwa tumboni mwa ndege. Ile midogo mwenyewe huingia nayo ndani, akaiweka katika kabati lililo juu ya viti. Na begi dogo la matairi la namna hiyo, mjomba alisikia wasafiri wa Kimarekani wakiliita kwa jina lile. Alipolinunua moja kwa wauza mitumba, alikuja nalo nyumbani pamoja na jina lake.

Kutoka hapo nilikwenda maktaba. Jambo lililonishangaza kwanza ni kwamba begi la matairi si kitu cha zamani. Gurudumu binadamu amelitumia kwa maelfu ya miaka, na sanduku la safari nalo ni la kale, lakini viwili hivyo vilichelewa mno kuoana. Watu wa Marekani walikwisha kukanyaga mwezi mwaka 1969, na wakati huo abiria katika viwanja vya ndege bado walikuwa wakibeba masanduku yao kwa mikono, bega moja likiwa chini kuliko jingine.

Mwaka 1970 Mmarekani mmoja, Bernard Sadow, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya kutengeneza masanduku, alikuwa akirudi na jamaa yake kutoka mapumzikoni katika kisiwa cha Aruba. Alikuwa amebeba masanduku mawili mazito. Kiwanjani akamwona mfanyakazi mmoja akisukuma mashine nzito juu ya ubao wenye magurudumu, bila ya kutoka jasho. Sadow aliporudi kazini alifunga magurudumu manne chini ya sanduku, akatia na ukanda wa kulivutia. Mwaka 1972 alipewa hataza, yaani hati ya serikali ya kumlinda mvumbuzi. Wako wengine waliofunga magurudumu katika masanduku kabla yake, lakini la kwake ndilo lililofika madukani kwa wingi.

Hata hivyo, mwanzoni wenye maduka walilikataa. Waliona kwamba mwanamume hatakubali kuonekana akiburuta mzigo ambao angeweza kuubeba. Nguvu zake zitatiliwa shaka. Naam, hata huko walikuwako watu kama sisi tuliosimama langoni, waliomcheka mtu kwa kuwa hakujitwika. Mwishowe duka kubwa la Macy's lilikubali kuyauza, na watu wakayanunua.

Sanduku la Sadow lilikuwa na kasoro yake. Lilikwenda limelala kwa urefu, likivutwa kwa ukanda kama mbwa, na likipata kona lilipenda kuanguka. Aliyelisimamisha ni rubani mmoja wa shirika la Northwest, jina lake Robert Plath, mwaka 1987. Yeye aliliinua begi lisimame wima, akalipa magurudumu mawili tu, na mkono mgumu unaochomoka na kurudi ndani. Ukiliinamisha kidogo linakufuata. Kwanza aliwauzia marubani na wahudumu wenzake. Abiria walipowaona wahudumu wakipita kiwanjani kwa mwendo wa haraka, mkono mmoja ukivuta begi na mwingine mtupu, nao wakayataka. Plath akaanzisha kampuni yake, iitwayo Travelpro, na begi lake akaliita "Rollaboard".

Sasa tumefika kwenye jina. Katika Kiingereza "roll" ni kubingirika au kubingirisha, na "aboard" ni ndani ya chombo cha safari, kiwe meli, treni au ndege. Kwa hiyo mtungaji alikusudia kusema: begi unaloingia nalo ndegeni likibingirika. Jina linaeleza matairi yake, na pia linaeleza udogo wake, kwa kuwa begi lisilotosha katika kabati la juu haliwezi kuwa la kuingia nalo. Mashirika makubwa ya Marekani, kama American, Delta na United, yameweka kipimo cha inchi 22 kwa 14 kwa 9, pamoja na matairi na mkono, yaani kama sentimeta 56 kwa 36 kwa 23. Mashirika mengine mengi duniani hutazama na uzito pia, na kilo 7 ni kiasi kinachotajwa mara nyingi.

Lakini "Rollaboard" ni alama ya biashara. Kampuni nyingine haziruhusiwi kuyaita mabegi yao kwa jina hilo hilo, ijapokuwa watu wa kawaida hulitumia kwa begi lolote la namna hiyo. Na watu wa kawaida hawakulipata jina hilo kwa kulisoma. Walilipata kwa kulisikia. Sema kwa haraka "roll aboard", kisha sema "roller board". Masikio hayapati tofauti kubwa. Aliyesikia, akalitazama begi, aliona kweli kuna "roller", yaani kitu cha kubingirika, na kweli lina mgongo mgumu kama ubao, yaani "board". Basi akaandika "rollerboard". Leo neno hilo limeenea Marekani, hata wauzaji wa mabegi wamo miongoni mwa wanaoliandika. Wengine husema "roller bag" na kuepukana na mzozo.

Wataalamu wa lugha wanalijua kosa la namna hii, nao wamelipa jina. Mwaka 2003 mtaalamu Mark Liberman aliandika habari za mwanamke mmoja aliyesema "egg corn", yaani yai na punje, badala ya "acorn", tunda la mti wa mwaloni. Tunda lile kwa umbo linafanana na yai, na ni mbegu. Mwenzake, Geoffrey Pullum, akashauri makosa kama hayo yote yaitwe "eggcorn". Si makosa ya uvivu, maana mvivu hutamka asichokielewa akaenda zake. Huyu hulikamata neno asilolijua, akalipasua mahali ambapo akili yake inaona maana. Ndivyo ilivyokuwa kwa "hamburger", chakula kilichopata jina lake kutokana na mji wa Hamburg huko Ujerumani. Waingereza na Wamarekani walisikia ndani yake "ham", yaani paja la nguruwe, wakaitenga ile "burger" iliyobaki, na kutokana nayo wakatunga "cheeseburger". Leo hakuna anayewacheka.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikafikiri juu ya lugha yetu wenyewe, maana sisi ni hodari wa kazi hiyo kuliko tunavyodhani. Neno "kitabu" tulilipokea kutoka Kiarabu, na ile "ki" ya mwanzo ilikuwa sehemu ya neno lenyewe. Sisi tuliiona kama "ki" ya kiti na kisu, tukasema "vitabu". Mwarabu husema "kutub". Mzunguko wa barabara mjini tunauita "kiplefti", kwa sababu kibao chake kiliwaamuru madereva kwa Kiingereza, "Keep Left", yaani shika kushoto; na ikiwa mizunguko ni miwili, ni "viplefti". Kinga ya matope ya baiskeli kwa Kiingereza ni "mudguard". Sisi tulisikia "madigadi", tukaona hiyo "ma" ni ya wingi kama katika mawe na majani, na kwa hiyo kinga moja ikawa "digadi". Fundi baiskeli akikuambia digadi lako limepinda, humwambii kwamba hakuna neno kama hilo. Unamwuliza bei.

Basi aliyetoa "digadi" katika "mudguard" na aliyetoa "rollerboard" katika "Rollaboard" ni ndugu wawili. Na kuna jambo moja zaidi, ambalo lilinitia haya nilipolitambua. Kiswahili hakipendi neno liishie kwa konsonanti, basi "roll aboard" ikipita katika kinywa chetu inakuwa "rolabodi". Na "roller board" nayo inakuwa "rolabodi". Maana yake ni kwamba jioni ile langoni mwenzetu alitamka neno ambalo lingeweza kuwa lolote kati ya yale mawili, na mimi nilicheka bila ya kujua hata ni lipi alilolisema.

Nisifikiriwe kwamba nasema kila kosa ni sawa na usahihi. "Rollerboard" limepoteza kitu, maana limeiacha ile habari ya kuingia ndani ya ndege. Kwa sababu hiyo Mwalimu anashauri kwamba katika mtihani tuandike "carry-on bag", ambalo ni jina la jumla huko Marekani la mzigo wa kuingia nao, au "cabin bag" kama wasemavyo Waingereza. Lakini kusema neno fulani halifai katika mtihani ni jambo moja, na kusema halipo duniani ni jambo jingine. Mimi nilisema la pili, na sikuwa nimelitafuta.

Ukitoka Marekani majina yanabadilika tena. Waingereza wengi huliita begi hili "wheelie bag" au "wheelie case", kutokana na neno lao la gurudumu. Wafaransa husema "valise à roulettes", yaani sanduku lenye vigurudumu. Wajerumani wana "Rollkoffer", sanduku la kubingirika, na pia "Trolley". Waitaliano nao husema "trolley". Hapa msafiri na awe mwangalifu, kwa sababu Mwingereza akisema "trolley" kiwanjani anataka lile gari dogo la kusukumia mizigo, na sisi tulipolichukua neno hilo hilo tukapata "toroli", ambalo hapa shuleni hubeba mchanga na kuni. Neno ni moja, mizigo mbalimbali, na kila mmoja yu sahihi nyumbani kwake.

Na sisi tuliite nini kwa Kiswahili? Nimewauliza watu wengi kadiri nilivyoweza. Wengi walisema "begi la matairi", wengine "begi la magurudumu", na wengine "begi la kuburuta" au "la kuvuta". Ndani ya majina hayo mna historia pia, kwa kuwa "begi" na "tairi" ni maneno yaliyotoka Kiingereza, kama vile "sanduku" lilivyotoka Kiarabu. Lakini kutaja kitu kwa kazi yake ni desturi yetu ya tangu zamani. Gari la mkono linalokokotwa tuliliita "mkokoteni", kutokana na kukokota, na kila aliyelisikia jina hilo alijua la kufanya nalo. Na chombo chenyewe kinachoruka hatukukiazimia jina kwa mtu. Tulikitazama angani tukakiita ndege. Hakuna aliyetucheka kwa kusema kwamba ndege ana manyoya na hutaga mayai.

Katika mkutano wa mwisho wa Chama cha Kiingereza niliomba ruhusa ya Mwalimu, nikasimama pale pale mezani pa katibu nilipokuwa nimekaa siku ile. Nilisema kwa Kiingereza kwamba neno "rollerboard" lipo, kwamba linatumiwa na watu wengi, na kwamba mimi ndimi niliyekosea. Kisha nikasema kwa Kiswahili kwamba jina la "Mwenyekiti wa Bodi" nililitunga mimi, na ninawaomba wenzangu wa bweni waliache. Ulikuwa mkutano mgumu kwangu kuliko midahalo yote. Wengine walicheka, na safari hii waliyemcheka ni mimi. Nikaona jinsi ilivyo.

Hapo ndipo mwenzetu aliponyosha mkono, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Alisema kwamba katika orodha yangu ya majina ya Kiswahili kuna moja lililosahaulika. Mama yake hasemi begi la matairi wala rolabodi. Yeye huliita "punda", kwa kuwa hubeba na halilalamiki, na likifika kwenye changarawe hugoma. Mwalimu alimwambia alieleze hilo kwa Kiingereza. Akasimama, akalieleza lote mpaka mwisho, na hakuna aliyemkatiza.

Kuuliza si ujinga, kama wasemavyo wazee, na mimi nimeongeza langu dogo: aulize kwanza na yule anayetaka kucheka. Msomaji aliye na jina jingine la begi hili, kutoka kwao au kutoka safarini, na ampelekee Mhariri kabla ya kufunga shule, ili tulichapishe muhula ujao.